MBELE NI MAHALI PA ALIYE DHAIFU



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita wengi wenu mliona picha walizoweka vijana wetu: mahema chini ya migunga, tochi za kichwani gizani, na mimi nimekaa juu ya jiwe nimeshika fimbo. Maswali yamekuwa mengi. Wengine mmeuliza, "Shekhe, mlifika kileleni?" Wengine mmeuliza kwa adabu, mlima na msikiti vina uhusiano gani? Leo nitajibu yote mawili, na nitaongeza jambo ambalo picha hazikulionyesha.

Jibu la swali la kwanza ni hapana. Hatukufika, na sababu ni mimi.

Nisomeni hadi mwisho, kwa sababu sikuandika haya ili mnipe pole.

SAFARI YENYEWE

Tulikuwa watu 12: vijana saba wa madrasa yetu hapa Digodigo, vijana wanne kutoka Karatu, na mimi. Vijana waliweka akiba kwa miezi kadhaa. Mmoja wa hapa kwetu aliuza asali ya mizinga yake miwili ili apate mchango wa mwongozaji, chakula na kiingilio. Mkumbukeni kijana huyu, nitarudi kwake.

Sisi wa Digodigo tuliondoka siku ya Ijumaa baada ya sala ya Ijumaa, maana haifai mtu ambaye sala hiyo imemlazimu aanze safari na kuiacha nyuma. Tulipanda pikapu, tukasoma dua ya safari, tukateremka kwenda Ngare Sero kando ya Ziwa Natron. Wenzetu wa Karatu walikuja kwa upande mwingine, kupitia Mto wa Mbu na Engaruka, tukakutana kambini jioni. Jambo la kwanza tulilofanya ni kumteua amiri, kama Mtume (s.a.w.) alivyoelekeza kwamba watu watatu wakiwa safarini wamfanye mmoja wao kuwa kiongozi. Tulimteua kijana mmoja wa Karatu ambaye ni mwalimu wa madrasa.

Kwa faida ya wanaosafiri: wenzetu wa Karatu walikuwa wametimiza masafa ya msafiri, wakawa na ruhusa ya kupunguza sala. Sisi wa Digodigo nilichukua tahadhari, tukasali kamili. Basi amiri alitusalisha Adhuhuri rakaa mbili, akatoa salamu, nasi tukasimama kukamilisha mbili zilizobaki. Lau ningesalisha mimi ninayekamilisha, wao nao wangelazimika kukamilisha nne kwa kunifuata. Hayo yamo katika vitabu vyetu vya fiqhi, lakini vijana huyasahau hadi wayafanye kwa miili yao. Hiyo ni sehemu ya jibu la swali la pili. Darasa la safari husomeka vizuri safarini.

Sehemu nyingine ya jibu imo katika Suratul Ghaashiya, ambako Mola wetu anawaelekeza watu watazame ngamia alivyoumbwa, mbingu zilivyoinuliwa, milima ilivyosimamishwa na ardhi ilivyotandazwa. Kijana anayetazama simu kutwa nzima, atautazama mlima lini?

MLIMA ULIVYO

Oldoinyo Lengai una urefu wa mita 2,962. Wamasai huuita Mlima wa Mungu. Sisi tunajua kwamba milima yote ni ya Allah na kwamba hakuna mlima unaoabudiwa, lakini tulikuwa wageni katika nchi ya watu, na mgeni hadharau jina alilolikuta. Ni volkano hai. Mwaka 2007 ulilipuka kwa nguvu, na majivu yake yakaangukia malisho na mifugo ya watu. Wataalamu wa miamba wanatueleza kuwa uji wake wa moto hauna mfano kwa volkano nyingine hai duniani: una joto la nyuzi kama 500 hadi 600 tu, takriban nusu ya joto la volkano za kawaida. Hutoka ukiwa mweusi kama lami, kisha ukipoa na kupata unyevu hugeuka mweupe. Subhanallah.

Jumamosi asubuhi mwongozaji wetu alitupeleka kwenye korongo la mto Ngare Sero, tukatembea ndani ya maji hadi kwenye maporomoko. Jioni, jua lilipopoa, akatupeleka kwenye nyayo.

Kama hujasikia habari za nyayo hizo, sikiliza. Karibu na ziwa kuna eneo la majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe, na juu yake kuna nyayo za watu wa kale zaidi ya 400, peku, vidole vinaonekana. Watafiti walitangaza habari zake mwaka 2016, wakakadiria kuwa zina umri wa kati ya miaka elfu tano na ushei na elfu kumi na tisa. Allah ndiye ajuaye zaidi. Mwaka 2020 wakaeleza kuwa watu 17 kati yao walikuwa wakienda upande mmoja kwa mwendo mmoja, na wengi wao yaonekana walikuwa wanawake, pengine waliotoka kutafuta chakula. Nilisimama pale muda mrefu. Watu 17 hawana miguu ya urefu mmoja. Ili waende mwendo mmoja, lazima wenye miguu mirefu walipunguza hatua. Niliwaambia vijana maneno hayo, wakatikisa vichwa. Sikujua kwamba kabla ya alfajiri nitakuwa mfano wa maneno yangu mwenyewe.

SWALI NILILOJIBU UONGO

Mwongozaji wetu ni kijana wa Kimasai wa huko huko. Umri wake haujafika nusu ya wangu kwa mbali. Jumamosi baada ya chakula cha jioni alituita mmoja mmoja pembeni ya hema akauliza: Una pumu? Una presha? Umewahi kuumia goti au mgongo? Unakunywa dawa yoyote?

Ndugu zangu, mimi nina goti bovu. Nilianguka na pikipiki miaka kadhaa iliyopita, na tangu hapo goti la kulia huvimba nikisimama sana. Kijana alinitazama usoni akaniuliza. Nyuma yake vijana wangu walikuwa wakifunga kamba za viatu, na niliwaona wananisikia. Nikasema, "Niko mzima kabisa, alhamdulillah."

Tazameni jinsi shetani anavyofanya kazi. Nimemtaja Allah na kumhimidi ndani ya uongo.

Saa nne na nusu usiku tuliamshwa, tukanywa chai na tende. Gari lilitufikisha chini ya mlima, na saa sita usiku tukaanza kupanda. Watu huupanda usiku kwa sababu mchana jua la bonde lile halina huruma, na mlima hauna kivuli. Mwongozaji alitupanga mstari mmoja. Msaidizi wake akakaa nyuma kabisa. Kisha akanigeukia mimi: "Mzee, wewe utanifuata mimi, mbele ya wote."

Nikafurahi. Nilifikiri ameniheshimu. Nimekuwa imamu miaka mingi, nimezoea kuwa mbele. Nikajiambia, hata asiye wa dini yetu ameona kuwa mbele ni mahali pangu. Na kwa kuwa nilikuwa mbele, nikatembea kwa nguvu ili vijana waone.

Saa ya kwanza nilikwenda. Saa ya pili pumzi ikaanza kuwa fupi. Njia ya mlima ule ni majivu na changarawe. Unapiga hatua moja, mguu unarudi nusu hatua. Kadiri unavyopanda mteremko unazidi kusimama, hadi unatumia mikono. Mwongozaji akaniambia kwa upole, "Pole pole, Mzee. Wewe ndiye saa yetu." Sikuelewa. Saa ya tatu goti likaanza kuwaka. Nikawa nakaa kila baada ya hatua ishirini, na nyuma yangu mstari wote wa tochi unasimama, unangoja, kimya.

Katika mapumziko mojawapo nikamuuliza, "Kwa nini uliniweka mimi mbele?"

Akajibu bila kuficha, lakini bila kunidharau: "Mbele anakaa aliye dhaifu, Mzee. Nikikuweka nyuma, wenye nguvu watakwenda. Utajilazimisha kuwafikia, na ukijilazimisha utaanguka. Ukiwa mbele, hakuna anayeweza kukuacha."

Wallahi, nilihisi baridi iliyokuwa zaidi ya baridi ya mlima.

HADITHI NILIYOKUWA NIKIIFUNDISHA

Kuna sahaba anaitwa Uthman bin Abil-Aas (r.a.), wa kabila la Thaqif wa Taif. Alimwomba Mtume (s.a.w.) amfanye imamu wa watu wake. Mtume akamkubalia, na akamwagiza katika uimamu huo amfuate yule aliye dhaifu zaidi kati yao. Hadithi hii imo katika Sunan Abi Daud na An-Nasai. Nimeisomesha mara nyingi, na siku zote niliisomesha kama hukumu ya kitabuni.

Tazama maana yake. Maamuma humfuata imamu, sawa. Lakini imamu naye ana wa kumfuata, naye ni mzee mwenye miguu mibovu katika safu. Anatakiwa apime rukuu, sijida na kisomo chake kwa miguu ile. Kijana yule wa Kimasai hajasoma Abu Daud. Ameisoma kwa mlima, kwa kuwaona watu wakianguka.

Na yule msaidizi wake aliyekaa nyuma? Jabir (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa safarini alikuwa akibaki nyuma ya msafara, akimsukuma mnyonge aende, akimpandisha nyuma yake juu ya mnyama, na akiwaombea dua. Kipenzi cha Allah, bwana wa viumbe, alikaa mahali pa vumbi la wote.

Nami nilikuwa nimeketi pale gizani, kijana mdogo akiniangazia mguu kwa tochi.

ALFAJIRI

Ilipopambazuka tulikuwa bado chini sana ya ukingo. Kila mmoja akatafuta mahali pa kukanyaga. Tulitawadha kwa maji kidogo ya chupa. Mtume (s.a.w.) alitosheka kutawadha kwa mudi moja, kiasi cha viganja viwili vilivyojaa, kwa hiyo msiseme maji hayatoshi. Kibla kwetu ni kaskazini, kidogo kuelekea mashariki, na upande huo huo ndiko liliko Ziwa Natron. Tulisali ziwa likiwa mbele yetu, linaanza kung'aa. Mwongozaji na msaidizi wake walizima tochi zao na kukaa pembeni kimya mpaka tulipotoa salamu. Allah awaongoze na awalipe kwa adabu yao.

Baada ya sala mwongozaji akamwita amiri na mimi. Alisema kwa mwendo wetu tutafika juu jua likiwa kali, na goti huvunjika zaidi wakati wa kushuka kuliko wa kupanda. Nikamwambia, "Basi mimi nishuke na msaidizi wako, vijana waendelee na wewe." Akatikisa kichwa. Sehemu iliyobaki ndiyo mbaya zaidi, hawezi kuwapandisha watu 11 pasipo mtu wa nyuma. Kisha akasema neno lililonichoma: "Ningejua goti lako tangu kambini, Mzee, ningemchukua msaidizi wa pili."

Amiri akawageukia wenzake, akasema tunashuka wote.

Yule kijana wa asali alitazama juu, kwenye ukingo. Alitazama kama mtu anayetazama chakula kikiondolewa. Kisha akaja, akanivua begi la mgongoni, akalivaa yeye kifuani, lake likiwa mgongoni. Hakusema neno. Hapo nilishindwa kunyamaza. Niliwaambia wote ukweli: kwamba niliulizwa nikadanganya, kwamba nimewanyima kilele kwa sababu nilikuwa na haya ya kuonekana mzee. Yule kijana akasema, "Shekhe, mlima haukimbii."

Tulishuka mpaka karibu na adhuhuri, tukileta tasbihi kwa kuwa tunateremka, kama masahaba walivyokuwa wakifanya: takbira wakipanda, tasbihi wakishuka. Na mimi nikawaza aya ya Suratul Israai inayomkataza mwanadamu kutembea katika ardhi kwa majivuno, ikimkumbusha kuwa hataweza kuifikia milima kwa urefu. Sikuhitaji tafsiri yake siku ile.

KILICHONITOA MACHOZI

Sasa ndugu msomaji, tumefika pale nilipotaka kukufikisha.

Katika msikiti wetu kuna mzee mmoja. Miaka mingi hakukosa Isha. Tangu Ramadhani iliyopita akaacha kuja. Mimi napenda kurefusha Isha. Sauti ninayo, vijana wanapenda kisomo, nami napenda wapende. Mzee alipoacha kuja sikumtembelea. Nilitoa darasa juu ya watu wanaoacha jamaa, na nikiwa natoa darasa nilitazama mahali pake patupu ili watu waelewe.

Jumatatu, goti limefungwa bendeji, nilikwenda kwake nikichechemea. Nikamuuliza. Akanyamaza, kisha akasema: "Shekhe, miguu ilikuwa haisimami. Nilikuwa nakaa chini katikati ya rakaa. Nikaona haya mbele ya watoto."

Haya mbele ya watoto. Maneno yale yale. Haya iliyonifanya mimi nidanganye kambini ndiyo iliyomtoa yeye msikitini. Tofauti ni kwamba mimi vijana waliningoja na wakanibebea begi, naye nilimwacha mlimani peke yake na nikamsema juu ya mimbari.

Mnakijua kisa cha Muadh bin Jabal (r.a.). Aliwasalisha watu wake Isha akawasomea sura ndefu, mtu mmoja aliyechoka na kazi akajitenga akasali peke yake. Habari zikamfikia Mtume (s.a.w.). Aliyekemewa si yule mchovu. Alikemewa Muadh, mwanachuoni, na akaelekezwa asome mfano wa Sabbihisma, Wash-shamsi na Wallayli. Na Mtume mwenyewe alikuwa akiingia katika sala akikusudia kurefusha, kisha akisikia mtoto analia hufupisha kwa kumhurumia mama yake.

Nilimwomba mzee radhi. Alinisamehe, Allah amlipe. Kiti cha plastiki sasa kipo safu ya kwanza. Ijumaa alikuja. Isha bado hajaja, na simlaumu. Naendelea kufupisha na naendelea kukitazama kile kiti.

MAMBO MANNE YA KUONDOKA NAYO

Kwanza, wewe uliye mbele, baba wa nyumba, mwalimu, mwenyekiti wa kikundi, mama unayepanga kazi za watoto: mtafute aliye dhaifu kati ya watu wako na umpe mwendo. Kama hujui ni nani, basi umeshamwacha nyuma.

Pili, wewe uliye dhaifu, sema. Ugonjwa si aibu. Niliposema "niko mzima", nilidhani nawalinda vijana na usumbufu, kumbe nimewanyang'anya walichokilipia. Ningesema kweli, kungekuwa na msaidizi wa pili, wao wangefika na mimi ningeshuka salama.

Tatu, wewe mwenye nguvu, ukingojeshwa na mnyonge usimwonyeshe kuwa anakungojesha. Vijana wale 11 hawakuguna hata mara moja. Hapa Digodigo tunajua maana ya kungoja. Maji ya mfereji huja kwa zamu, na mwenye shamba la chini naye ana haki yake. Subira ile ile ipelekeni mlimani na msikitini.

Nne, mkiwapeleka vijana safari za kupanda na kulala kambini, na ninawahimiza muwapeleke, chukueni mwongozaji anayeijua njia, mjibuni kweli anachouliza, na mtiini. Elimu yako ya dini haikufanyi kuwa mjuzi wa mlima. Akisema rudini, rudini.

Na vijana wameanza tena kuweka akiba. Mimi nimetoa mchango wa yule kijana wa asali kamili, ni deni langu. Safari hii nitabaki kambini, nitapika chai na kuwasubiri.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliowaacha nyuma kwa sababu ya kuharakisha kwetu. Utupe macho ya kuwaona wanyonge wetu kabla hawajaondoka. Uwalinde wasafiri wote, utulinde na majivuno ya mwili na ya elimu, na utufishe tukiwa Waislamu. Aamin.

Na wewe, je, nani ameacha kuja kwako, na hujaenda kumuuliza? Usinijibu mimi hapa. Nenda kwake leo kabla ya Magharibi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.